Maji Yapo Sana

Nchi ya Mbeleni iko mbali sana, na msomaji hajawahi kufika huko. Jambo hili linasemwa mapema ili asijisumbue kufananisha. Akikutana humu na waziri anayemkumbusha mtu fulani, aelewe kwamba sura za mawaziri duniani ni chache na hazina budi kurudiwarudiwa.

Nchi iliitwa Mbeleni kwa kuwa kila chema chake kilikuwa mbele. Barabara ilikuwa mbeleni, dawa zilikuwa mbeleni, walimu walikuwa njiani kuelekea mbeleni. Wananchi walikuwa watu wa shukrani, wakishukuru kabla ya kupokea, na mara nyingi shukrani zilitosha na mambo yakaishia hapo.

Katika nchi hiyo mshauri alikuwa mtu wa heshima. Alishuka kwenye gari akiwa na tai shingoni na ripoti iliyokwisha kuandikwa, akafuta jina la kijiji cha jana, akaandika la leo. Kuna mwaka wafuga nyuki wa milimani walikabidhiwa mkakati wa miaka mitano wa kuvua kamba, kwa sababu mshauri alikuwa na haraka na hakufuta vizuri. Wafuga nyuki walipiga makofi, wakaufunikia mzinga uliokuwa ukivuja.

Sikudhani Mbarouk alikuwa mshauri pia, lakini wa namna iliyotia mashaka. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na mbili, mrefu, miwani yake imefungwa uzi upande mmoja. Kwa miaka tisa aliajiriwa na kampuni moja ya mtandao, akaacha kazi siku alipoagizwa kuwafundisha wauza mkaa namna ya kufanya mkutano wa video na watu wa ng'ambo, ilhali walichoomba ni kujua lori la mkaa limefika wapi. Akapanga chumba nyuma ya duka la fundi cherehani mjini Kipandio, akatundika kibao: USHAURI WA MTANDAO KWA VIKUNDI. NJOO NA SWALI.

Kasoro yake kubwa ilikuwa kusikiliza. Kwaya ya mtaani ilikuja kutaka tovuti. Akawauliza ya nini, wakasema kwaya ya mtaa wa pili wanayo. Akawafundisha kurekodi sauti za mazoezi kwenye simu na kutumiana, akawaambia, "Tovuti hamhitaji. Mnahitaji mwimba besi wenu aanze kuhudhuria." Washauri wenzake walipolisikia hilo walisikitika, wakasema huyu dada ataiharibu fani.

*

Asubuhi moja akaingia mwanamke wa miaka sitini hivi, kajifunga khanga kiunoni, kashika ndoo tupu kama wengine wanavyoshika mkoba.

"Shikamoo mama," alisema Sikudhani.

"Marahaba mwanangu. Naitwa Mama Nyamizi, mwenyekiti wa Umoja wa Watumia Maji wa Kiguru. Nimeambiwa wewe ndiye unayeuza intaneti."

"Siiuzi, mama. Nawasaidia watu kuitumia."

"Afadhali. Alikuja mwenzio mmoja mwenye tai, akatuuzia."

"Aliwauzia nini?"

"Hatukujua. Aliondoka nayo."

Akaketi, akaeleza. Kiguru ni kilima upande wa mashariki wa mji, kina kaya elfu mbili na vioski vya maji kumi na vinne. Maji yalikuja yanapojisikia: leo kioski namba sita, kesho namba kumi na moja, keshokutwa hakuna. Mwanamke alitoka na ndoo akazunguka kilima kizima akibahatisha. Zahanati nayo ilituma mtu abahatishe. Kuna siku watu mia moja walipanda namba tisa wakati maji yalikuwa yakimwagika namba mbili, na hakuna aliyejua isipokuwa bata.

"Kuyaleta huwezi, najua," alisema Mama Nyamizi. "Lakini tukijua yako wapi, nusu ya kazi imekwisha."

Sikudhani hakuandika ripoti. Alipanda Kiguru siku tatu mfululizo, akavitembelea vioski vyote kumi na vinne, akagundua kila mhudumu wa kioski ana simu. Akatengeneza ukurasa mmoja mtandaoni. Ulikuwa na orodha ya vioski, na kila mhudumu alipewa vitufe viwili vya kubonyeza: cha kijani kiliandikwa "Maji yapo" na chekundu "Maji hayapo". Basi.

Mama Nyamizi aliutazama ukurasa kwa muda. "Picha ya Mkuu wa Nchi haimo?"

"Haikuhitajika, mama."

"Mh. Haya."

Ukafanya kazi. Mwanamke aliamka, akatazama simu, au kama hana simu akamwuliza jirani, akaenda moja kwa moja kwenye maji na kurudi. Zahanati ikajua lini kutuma mkokoteni. Wanawake wa Kiguru wakapata saa mbili kila siku ambazo hawakuwahi kuwa nazo. Mmoja akafungua genge la mihogo. Wengine wakaweza kugombana na waume zao kwa nafasi, bila kuangalia jua.

*

Hata hivyo ukurasa ulikuwa na utovu wa adabu: ulisema kweli. Kwa kawaida vioski kumi na kimoja vilikuwa vyekundu, na ukurasa haukuona haya kuvionyesha. Mtu mmoja akamwonyesha mwenzake, mwenzake akamwonyesha mwandishi wa gazeti, na baada ya wiki sita habari zikafika Wizara ya Mtandao, Mwelekeo na Mtazamo.

Wizara ikamtuma Bwana Pazi Mwinchande, Afisa Mtandao Msaidizi Mwandamizi Daraja la Pili. Alikuwa mtu mwembamba mwenye sauti ya upole, kavaa muhuri shingoni kwa kamba kama hirizi. Aliketi mbele ya Sikudhani, akafungua fomu ya kurasa kumi na tisa.

"Tovuti hii inaishi wapi?"

"Haiishi mahali, bwana. Iko mtandaoni."

"Fomu inataka namba ya nyumba."

"Basi andika ya hapa."

Akaandika. "Umri?"

"Wiki sita."

"Kumbe bado changa. Mlezi wake?"

"Ni mimi."

"Imeolewa?"

Sikudhani alimtazama kuona kama anatania. Bwana Pazi hakutania. Alionekana mtu ambaye angependa sana kuliruka swali hilo, lakini chini yake palikuwa na mstari, na mstari ulitaka kujazwa.

"Bado," alisema Sikudhani.

Zikatakiwa picha tatu za pasipoti za tovuti, uso ukiwa wazi. Ikatakiwa barua ya mjumbe wa mtaa kuthibitisha kwamba tovuti ni mkaazi mwema. Hayo yote yalikuwa madogo. Kubwa lilikuja ukurasa wa kumi na nane.

"Hapa ndipo penye shida," alisema Bwana Pazi, akishusha kalamu. "Mtandao wa Kiguru haujazinduliwa. Ninyi mmeutumia wiki sita kabla haujaanza."

"Lakini ulikuwa unafanya kazi."

"Ndiyo kosa lenyewe."

Akamweleza, bila hasira, Sheria ya Kutotangulia. Katika Mbeleni hakuna kitu kilichoruhusiwa kuwapo kabla ya kuzinduliwa. Watoto waliozaliwa katika wodi ambayo haijakatwa utepe walisubiri miaka minne kupata vyeti vya kuzaliwa, na mmoja wao alianza shule akiwa rasmi hajazaliwa. Adhabu ya kutumia kitu kisichozinduliwa ilikuwa miezi sita gerezani kwa kiongozi wa kikundi na kwa aliyemshauri.

Sikudhani alimfikiria Mama Nyamizi na ndoo yake. "Hakuna njia nyingine?"

"Ipo. Mheshimiwa Waziri azindue, kosa linageuka mafanikio."

*

Mheshimiwa Dakta Kanali Mstaafu Kengele Sambamba, Waziri wa Mtandao, Mwelekeo na Mtazamo, alifika Kiguru siku ya Jumatano na magari ishirini na mawili. Barabara ilikuwa imemwagiwa maji ili vumbi lisimsumbue, na wanawake wa Kiguru walisimama pembeni wakayatazama maji yale yakinywewa na ardhi. Hawakuwa wameona mengi namna hiyo tangu mwaka uliopita.

Kompyuta ya Sikudhani iliwekwa juu ya meza, ikafungwa utepe kama zawadi. Waziri akakata utepe, na kwa bidii yake akakata na waya wa umeme. Kioo kikazimika. Waziri akageuka, akasema, "Imezinduliwa," na watu wakapiga makofi. Bwana Pazi akaunganisha waya kwa gundi ya karatasi huku hotuba ikiendelea.

"Ndugu wananchi," alisema Waziri, "wakati wa mkoloni, Kiguru hii haikuwa na tovuti hata moja. Mkoloni alikaa hapa miaka sabini, na katika miaka yote hiyo hakuwafungulia hata ukurasa. Leo serikali yenu sikivu imewaletea mtandao, na mtandao umewaletea maji. Yako mataifa makubwa, siyataji, yana maji lakini hayana tovuti ya kuyaonyesha. Ninyi mmeyapita."

Kompyuta ikawaka. Waziri akavaa miwani, akainama, akatazama orodha.

"Hizi nyekundu ni za nini?"

"Maji hayapo, mheshimiwa," alijibu Sikudhani.

"Nani aliyaruhusu yasiwepo?"

Wapiga ngoma walishusha fimbo zao polepole.

Waziri hakukasirika. Alicheka kidogo, kama baba anayemsamehe mtoto asiyejua. Akasema kitufe chekundu ni mawazo ya kikoloni, kinamfundisha mwananchi kutazama kisichokuwapo. Akasema yeye binafsi ni mwanademokrasia, hawezi kumwachia mwananchi kitufe kimoja, kwa maana kitufe kimoja ni udikteta. Vitufe vitabaki viwili, na mwananchi atachagua kwa uhuru kamili. Cha kwanza kitaandikwa "Maji yapo". Cha pili kitaandikwa "Maji yapo sana".

"Badilisha sasa hivi, dada, tushuhudie," alisema. Akaongeza kwamba kwa mchango wake Sikudhani anateuliwa kuwa Mshauri wa Heshima wa Taifa, na cheti chake hiki hapa, kimekwisha kusainiwa.

Nyuma ya Mama Nyamizi walisimama askari wawili. Hawakumgusa. Walisimama tu, karibu kuliko ilivyohitajika. Sikudhani aliwatazama, akaitazama kompyuta, akabadilisha. Ilichukua dakika moja isiyotimia. Akapewa cheti, akapeana mkono na Waziri, akapigwa picha, na katika picha ile anaonekana akitabasamu. Baadaye hakuweza kukumbuka nani alimwambia atabasamu.

*

Kuanzia Alhamisi vioski vyote kumi na vinne vya Kiguru vilikuwa na maji, rasmi. Kilima kizima kilikuwa kijani. Wahudumu hawakujua wafanyeje. Walibonyeza "Maji yapo" kila asubuhi kwa kuwa kutobonyeza kulikuwa kosa, na wanawake wakarudi kuzunguka na ndoo kama zamani. Walichoka kuliko zamani, kwa sababu zamani walikuwa wanabahatisha na sasa walikuwa wanaaminishwa.

Jumatatu iliyofuata Mama Nyamizi akaja chumbani kwa Sikudhani. Hakuitikia shikamoo kwa haraka. Aliketi kwanza.

"Mkwe wangu Zaituni amejifungua jana," alisema.

"Hongera mama."

"Subiri. Zahanati walitazama ukurasa, wakaona namba saba hapo jirani yapo. Hawakutuma mkokoteni. Uchungu ulipomshika hapakuwa na tone. Muuguzi amenawa mikono kwa chai ya rangi iliyobaki kwenye birika. Mtoto mzima. Zaituni leo ana homa, wamembeba kwa machela kumpeleka hospitali kubwa."

Cheti kilikuwa ukutani nyuma ya Sikudhani, naye alihisi kinamchoma mgongo.

"Sikuja kukulaumu," alisema Mama Nyamizi. "Niliwaona wale askari. Lakini mwanangu, ulitupa macho, kisha ukatupaka masizi. Bora tungebaki vipofu, kipofu hupapasa."

Sikudhani akasimama, akakishusha cheti, akakiweka chini kikitazama ukuta. Akasema kitufe chekundu hawezi kukirudisha, Wizara inautazama ukurasa kila saa. Angeweza kutengeneza ukurasa mwingine wa siri, lakini mtu mmoja akikamatwa wote wamekwisha. Alizungumza kwa muda mrefu, akitaja njia hii na ile, na kila njia iliishia gerezani.

Mama Nyamizi alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Hivyo viwili walivyotuachia, vinafanya kazi?"

"Vinafanya."

"Na sisi tuna vitu vingapi vya kusema? Yapo na hayapo. Viwili. Sasa unahangaika nini?"

Sikudhani alimtazama.

"Wewe ni mtu wa nchi hii," alisema Mama Nyamizi. "Wakikwambia hospitalini mgonjwa wako anaendelea vizuri, unampikia uji. Wakikwambia anaendelea vizuri sana, unakwenda kutafuta sanda. Redio ikisema chakula kipo, unanunua. Ikisema chakula kipo sana, unaficha ulichonacho. Nani Kiguru asiyejua maana ya *sana*?"

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Siku mbili Sikudhani na Mama Nyamizi walipita kioski kwa kioski, wakazungumza na mhudumu mmoja mmoja. Maji yakiwapo, bonyeza "Maji yapo". Yasipokuwapo hata tone, bonyeza "Maji yapo sana". Hapakuwa na haja ya kueleza mara mbili. Mhudumu wa namba kumi, mzee wa makamo asiyependa maneno, alisema tu, "Nilikuwa nasubiri mtu anipe ruhusa."

Zaituni alitoka hospitali baada ya siku tisa, amekonda, mtoto mgongoni. Siku hiyo zahanati ilikuwa na mapipa mawili yaliyojaa.

*

Wizarani furaha haikuwa na kifani. Takwimu za Kiguru zilipanda kwa namna ambayo haijawahi kuonekana. Siku ya kwanza vioski tisa viliripoti maji yapo sana. Wiki iliyofuata, kumi na viwili. Kadiri kiangazi kilivyokaza ndivyo takwimu zilivyopendeza. Waziri alizisoma bungeni, wabunge wakagonga meza. Magazeti yakaandika kwamba Kiguru imeweka rekodi, na kwa kweli ilikuwa imeweka.

Sikudhani alicheka alipolisoma hilo, kisha akaacha kucheka, kwa sababu alisikia hodi na aliyebisha alikuwa Bwana Pazi.

Hakuwa na fomu. Hakuvaa muhuri. Alikuwa kashika dumu la manjano la lita ishirini, na alisimama mlangoni kama mtu aliyekosea nyumba.

"Mimi nakaa Kiguru ya chini," alisema. "Nadhani hukujua."

"Sikujua, bwana. Karibu ukae."

"Mke wangu amekwenda namba tisa mara nne wiki hii, kwa sababu mimi mumewe, afisa mtandao, nilimwambia ukurasa wa serikali unasema maji yapo sana. Mara ya nne amerudi, ameniwekea dumu hili miguuni, hajasema neno. Mpaka leo hajasema." Akalihamishia dumu mkono wa pili. "Bi Sikudhani, jirani zangu wanatazama ukurasa huohuo na wanarudi na maji. Naomba unifundishe kuusoma."

Mwanamume huyu ndiye aliyeijaza fomu. Neno lake moja lingewapeleka ndani yeye, Mama Nyamizi na wahudumu kumi na wanne. Pia alikuwa mtu mwenye dumu tupu. Aliyatazama mabega yake, yaliyoinama upande wa dumu kana kwamba lilikuwa limejaa, akaamua.

"Ukiona *yapo*, nenda," alisema. "Ukiona *yapo sana*, kaa nyumbani."

Uso wa Bwana Pazi haukubadilika. Miaka ishirini na tatu ya utumishi ilikuwa imeuzoeza. Akauliza, "Leo namba nne inasemaje?"

Sikudhani akatazama simu. "Yapo."

"Ahsante," alisema Bwana Pazi, akaondoka na dumu lake.

Kwa wiki nzima Sikudhani alishtuka kila gari liliposimama nje. Alimwambia Mama Nyamizi alichofanya, akitegemea kugombezwa. Mama Nyamizi akasema, "Mtu mwenye kiu ni mtu wetu. Tutaona."

*

Siku ya kumi na moja magari yakaja kweli, lakini hayakuja kukamata mtu. Yalikuwa ya Idara ya Maafa, thelathini, yakiwa yamebeba boti za mpira, mahema, mablanketi, na nyuma kabisa maboza manane ya maji ya kunywa. Kiguru ilikuwa imetangazwa eneo la mafuriko.

Ilieleweka vizuri kabisa ukifuata taratibu. Idara ya Maafa haikuweza kusaidia watu wa ukame, kwa kuwa ukame ulifutwa kwa sheria miaka saba iliyopita. Mafuriko hayakuwa yamefutwa. Na takwimu rasmi za serikali yenyewe zilionyesha kwamba kwa siku arobaini mfululizo, karibu kilima chote cha Kiguru kilikuwa na maji sana. Kanuni za Idara zilisema siku kumi tu zinatosha kuita maafa. Kanuni hizohizo zilisema waathirika wa mafuriko wapelekewe kwanza maji safi ya kunywa, kwa sababu maji ya mafuriko huwa machafu.

Waziri Sambamba alikuja na jaketi la kuokolea la rangi ya machungwa. Alishuka kwenye gari, akakanyaga vumbi lililomfika kwenye vifundo vya miguu, akatazama huku na huku. Wapiga picha walikuwa tayari. Waziri hakuwa mtu wa kuangushwa na hali halisi. Akaingia kwenye boti, na vijana wanane wa Idara wakaiinua mabegani na kumpitisha mitaani polepole, akipunga mkono.

"Poleni sana, ndugu zangu," alisema. "Serikali inaona mnavyoteseka na maji."

"Tumeteseka nayo kweli, mheshimiwa," alijibu Mama Nyamizi. Nyuma yake mstari wa ndoo kwenye boza la kwanza ulifika hadi namba kumi na mbili.

Ndani ya siku hizo akafika mhandisi wa Idara, mwanamke wa makamo aitwaye Tekla, mwenye kofia ngumu na karatasi ya maagizo. Sikudhani alimkuta amesimama juu ya kilima, anautazama mto Ndurumo unaopita chini, kisha anaitazama karatasi, kisha mto.

"Umeagizwa nini, dada?" aliuliza Sikudhani.

"Kuondoa mafuriko. Nilaze bomba kati ya Kiguru na mto, nifunge na pampu." Tekla akapiga teke jiwe kavu. "Nimefanya kazi ya mafuriko miaka kumi na tano. Haya ndiyo ya kwanza kunitia vumbi machoni."

Sikudhani alipima maneno yake. "Karatasi inasema pampu ifungwe upande gani?"

Tekla akaisoma tena, taratibu, mstari kwa mstari. Mbele yao mwanamke alipita na ndoo kichwani, na mwingine, na mwingine.

"Haisemi," alisema Tekla.

"Ikifungwa huku juu?"

"Inasukuma maji mtoni."

"Na ikifungwa kule chini?"

Tekla alivua kofia, akajifuta jasho, akaivaa tena. "Mimi ni mtu wa kufuata maagizo," alisema. "Karatasi inataka bomba na pampu. Itapata bomba na pampu."

Kazi ilichukua miezi miwili. Pampu ilifungwa chini, ukingoni mwa Ndurumo, tangi la kuchujia likajengwa juu. Sikudhani alikuwa kioski namba tatu siku ya kufungua koki. Kwanza ilitoka hewa, kisha matope, kisha maji mekundu, kisha maji. Mama Nyamizi alijaza ndoo, akanawa uso, akaketi juu ya jiwe akafumba macho kwa kitambo. Zaituni alimwogesha mtoto palepale, mbele ya watu, naye mtoto akalia kwa hasira iliyowafurahisha wote.

*

Sikudhani alikwenda wizarani kumtafuta Bwana Pazi. Alimkuta mwisho wa korido, nyuma ya majalada, muhuri shingoni.

"Nani aliwapelekea Idara ya Maafa takwimu za Kiguru?" aliuliza kwa sauti ya chini.

Bwana Pazi alifungua jalada, akamwonyesha nakala ya barua ya mistari mitatu. Ilisema kwamba kwa mujibu wa takwimu zilizothibitishwa na Wizara, Kiguru ina maji sana, na Idara inafahamishwa kwa hatua zake. Saini ilikuwa yake. Tarehe ilikuwa kesho yake ya siku aliyobeba dumu.

"Kwa hiyo ulijua watakachofanya."

"Mimi ni afisa, Bi Sikudhani. Nilichosoma kwenye ukurasa wa serikali ndicho nilichoandika." Akafunga jalada, akalipiga muhuri. "Mke wangu anakusalimu," alisema. "Siku hizi anasema."

Waziri Sambamba alipewa nishani ya kukausha Kiguru. Cheo cha Mshauri wa Heshima wa Taifa kilihamishiwa kwa bwana mmoja mwenye tai, ambaye alizunguka nchi tatu akieleza mfumo aliouasisi. Sikudhani hakuulizwa na hakulalamika. Alikuwa na kikundi cha wasuka mikeka kilichokuja na swali.

Mwaka uliofuata ukaja ujumbe wa wataalamu kutoka nchi jirani, inayosumbuliwa na mafuriko ya kweli, kujifunza Mbeleni ilivyoyashinda. Waliletwa Kiguru kumhoji mwenyekiti wa waathirika. Sikudhani aliombwa akae karibu, na Bwana Pazi aliandika kumbukumbu.

Mkuu wa ujumbe, kijana mwenye adabu, alimwuliza Mama Nyamizi maji yalifika wapi.

Mama Nyamizi alifikiri, akaweka mkono kooni. "Yalitukaba hapa."

Wataalamu wakatikisa vichwa kwa huruma, wakaandika.

"Na mlipoona hali imekuwa hivyo, mama, mkayaondoaje maji yote yale?"

Mama Nyamizi aliitazama koki ya kioski namba tatu, akawatazama vijana wa watu na kalamu zao.

"Tuliyanywa, wanangu," alisema.

Bwana Pazi akaandika hivyohivyo, akapiga muhuri.